Mlio wa Kamera ya Mwamvita

Mwamvita Khalfani wa Mtoni alikuwa mpiga picha wa ndani, na ndani hapa si studio yenye mapazia ya maua. Ni ndani kule ambako mlango ukishafungwa mwanamume hapiti, hata awe baba mwenye nyumba anayetafuta miwani yake. Bi harusi anasingwa, anasuguliwa mwili kwa liwa ya kunukia, somo, yaani kungwi wake, anatoa maneno yasiyosemeka sebuleni, mashangazi wanavua mitandio na kufunga khanga kiunoni, na wanawake waliosalimiana kwa adabu zote asubuhi wanaonyeshana namna kiuno kinavyoendeshwa. Kuanzia Mtoni mpaka Tandika, Mbagala hadi Keko, ukitaka picha za siku hiyo ulikuwa unaelekezwa kwa mtu mmoja. Walikuwepo wenye kamera nzuri kuliko yake. Hao mlango hawakufunguliwa.

Yeye mlango aliurithi. Mama yake alikuwa somo wa kuitwa hata na watu wa Magomeni, na Mwamvita aliingia vyumba hivyo akiwa mgongoni, kabla hajaota meno. Alipokua akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani na begi moja na ulimi mkali. Akapata kibarua kwenye studio ya picha za paspoti hapo hapo Mtoni, Barabara ya Kilwa, akajifunza kazi, na baadaye akanunua kamera yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Ilikuwa DSLR, zile kubwa nyeusi ambazo ndani yake mna kioo kinachonyanyuka kila ukibonyeza, kisha kinarudi chini kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichompa ulaji miaka yote, ingawa mwenyewe alichelewa sana kulijua hilo.

Maana mle ndani palikuwa na utaratibu, na hakuna aliyekaa kitako akautunga. Wanawake wanacheza, kamera inalia, na aliyekuwa mbele yake anajua kwamba kapigwa. Akiwa hataki, anasema "Futa!" bila hata kusimamisha kiuno. Mwamvita anaigeuza kamera, anamwonyesha, anaifuta mbele ya macho yake. Asiposema kitu, basi picha imekubaliwa, na iliyokubaliwa ndani ilikuwa huru kutoka nje. Bi harusi angeweza kumpa amtakaye, na hakuna wa kuja kununa kesho yake. Ule mlio ulikuwa swali, na mtu kunyamaza lilikuwa jibu lake.

Kamera ilipozeeka, kile kisponji kinachokipokea kioo kiliyeyuka kwa joto la Dar kikawa kama gundi. Fundi wake aliitwa Romani, Mmakonde wa Masasi mwenye meza Kariakoo, kwenye korido ya mafundi redio. Romani alitafuta kisponji cha kiwandani akakikosa, akakata kipande cha ndala chakavu, akakichonga kwa wembe, akakibandika pale. Tangu siku hiyo kamera ya Mwamvita ikawa hailii kama kamera za watu. Ililia ka-tap, na ile tap ilikuwa nzito, ikisikika hata ngoma ikiwa imechanganya.

"Jamani, kamera ya Mwamvita imevaa ndala!" Zubeda alipiga kelele siku ya kwanza alipoisikia, na chumba kizima kikacheka.

Zubeda alikuwa shoga yake tangu madrasa, walikokuwa wakichapwa pamoja kwa kucheka. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba yake, mke wa Jabiri seremala, mwanamke mwenye midomo na mikono ya kutoa. Mwaka uliopita alijipapasa titi akakuta uvimbe. Aliyemsindikiza hospitali siku za dawa ni Mwamvita. Aliyemshikia beseni akitapika ni Mwamvita. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, aliyezinyoa zilizosalia kwa wembe, huku wote wawili wakilia na kutukanana, ni Mwamvita. Majirani waliambiwa Zubeda yuko Tanga kwa dada yake aliyejifungua, na mama mkwe wake aliyeko Kilwa akaambiwa hivyo hivyo.

"Sitaki pole za watu," Zubeda alisema. "Pole wanakupa mkononi, halafu wakifika kwenye kona wanahesabu siku zako. Nitapona, nitarudi kwenye vitumbua vyangu, basi."

Na siri ile haikutoka. Kwa hiyo ukiuliza Mwamvita alikuwa na mali gani hapa mjini, alikuwa na moja tu: wanawake walimwamini. Ukiliondoa hilo, anabaki mpiga picha kama wapiga picha wengine, tena wa kamera chakavu.

Basi mjini hapa kila baada ya muda unaingia ugonjwa, na ugonjwa wa miaka hii kwa wapiga picha ni hizo kamera zisizo na kioo, mirrorless. Mabinti wakaanza kuja kwa Mwamvita na simu mkononi. "Aunt, mie nataka macho yatoke hivi," wanasema, wakimwonyesha picha za harusi ya mtu ambapo hata kope zinahesabika. Kamera ya Mwamvita kwenye chumba chenye taa moja ilikuwa inatoa picha zenye chengachenga, na akiwasha flashi, liwa usoni inang'aa kama mafuta ya taa. Binti mmoja wa Keko alizipokea picha zake, akazipitisha kwa kidole, akasema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa chakula kilichoungua. Mwamvita aliumia. Aliumia kuliko siku aliyopewa talaka, maana mume hakuwa kazi yake.

Akaenda Sinza kwa Stanley, mpiga picha wa kumbi na masherehe, kijana wa Moshi mwenye studio ya vioo na maneno mengi. Stanley alimpa kamera ndogo nyepesi aishike. Mwamvita akaiweka jichoni, na mle ndani akaiona picha tayari, na mwanga wake na rangi zake, kabla hajabonyeza. Kijisanduku cha kijani kikaenda chenyewe kikalikamata jicho la msichana wa mapokezi, kikawa hakiliachi hata msichana akigeuka.

"Dada Mwamvita, DSLR ni msiba," Stanley alisema. "Unabeba tofali shingoni la nini? Dunia imeshahama. Hii haina kioo cha kunyanyuka, haina kelele. Unaweza kuzima mlio wote, mtu hajui kama umempiga. Unapata sura halisi, sio watu wamekaza shingo."

"Na betri?"

"Betri inakula, sikudanganyi. Unatembea na tatu."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki," alisema Stanley, na hapo ndipo ungejua kwamba ni muuzaji.

Kutoka Sinza akaenda Kariakoo kwa Romani kuuliza upande wa pili. Romani aliifungua kamera yake ya zamani, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Kilango cha ndani kinachofunga na kufungua kilikuwa kimekaribia kufa, kingeweza kwenda mwaka au kingeweza kwenda wiki.

"Nikipata kingine nakuwekea," alisema. "Usihame kwa kusikia, dada. Hii ikigoma naifungua, nauona ugonjwa kwa macho. Hizo zao zikigoma ni kama simu, unaambiwa kanunue nyingine. Halafu hapa jicho lako linapita kwenye kioo linamwona mtu mwenyewe. Kule unaangalia kitivii cha mtu."

Kila mmoja alikuwa anautetea unga wake. Stanley alikuwa anauza mpya, Romani alikuwa anatengeneza kuukuu. Mwamvita akarudi nyumbani akawa anapima mwenyewe, akipika anapima, akifua anapima. Uzito, nyepesi imeshinda. Betri, kubwa imeshinda, na umeme wetu mnaujua. Mwanga hafifu, nyepesi. Fundi, kubwa. Macho ya mabinti, nyepesi, nyepesi, nyepesi. Katika mizani yote ile mlio aliuweka upande wa kasoro. Hata mara moja hakujiuliza ulikuwa unamfanyia kazi gani.

Akauza bangili alizoachiwa na mama yake, akanunua ndogo. Ile kubwa akamwachia Romani, aitengeneze au aivunje vipuri, apendavyo. Stanley akampangia kila kitu mle ndani ya kamera, akamzimia na mlio, bure, kama zawadi ya mteja mpya.

"Kelele ni ushamba, dada," alimwambia.

Kazi ya kwanza kubwa ya kamera mpya ilikuwa singo ya Munira, mtoto wa kaka yake Zubeda. Ilikuwa baada ya adhuhuri, chumba cha uani, madirisha yamezibwa kwa khanga, joto la kukamulika. Zubeda, aliyekwisha kurudi kutoka hiyo Tanga, alikuwa ndiye shangazi, na shangazi kwenye singo ndiye mwenye shughuli. Alikaa mwanzoni na mtandio umebana mpaka kwenye nyusi, jasho linamtiririka. Ngoma ikapanda. Somo akamwita kwa jina la utotoni. Zubeda akasimama, akakwama kidogo, kisha akauvuta mtandio akautupa mkekani.

Kichwa chake kilikuwa na vinywele vya juzi tu, laini, vimeota mabaka mabaka, na chini ya sikio alama ya wembe wa Mwamvita bado ipo. Wanawake wakaelewa Tanga ilikuwa Tanga gani. Halafu somo akapiga kigelegele, wengine wakadakia, na Zubeda akaingia katikati akacheza kama mtu anayelipiza kisasi. Palikuwa na waliolia huku wanapiga makofi. Mwamvita naye alikuwa analia nyuma ya kamera, na kidole kinabonyeza. Kijisanduku cha kijani kililishika jicho la Zubeda na hakikuliacha hata mara moja.

Katikati ya ngoma Zubeda alimjia mpaka mbele kabisa. Alitazama kwenye lenzi, akacheka kwa meno yote, akatulia kidogo hivi, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akageuka akaendelea kucheza. Mwamvita alidhani anajipanga vizuri apigwe.

Mchana kutwa hakuna aliyesema futa. Hata yule mama wa Keko Machungwa ambaye kwenye kila shughuli hufuta zake zote, safari hii hakufungua mdomo. Mwamvita alitoka pale amefurahi isivyo kawaida. Alijiambia kumbe ndiyo raha ya kamera nzuri, kila mtu kapendeza, hakuna wa kujikataa.

Jioni alipozifungua picha nyumbani, aliiona ile ya Zubeda, akakaa chini. Hakuwa amewahi kupiga picha kama ile. Vinywele vinaonekana kimoja kimoja, tone la jasho kwenye nyusi, macho yamejaa maisha mpaka yanatisha. Ukiitazama unamwona mtu aliyekwenda akarudi. Mkono wake ukasita. Moyo ulimwambia kabisa, mpigie Zubeda umuulize. Lakini kazi ina mazoea yake, na mazoea yakamjibu: kama hakutaka angesema futa. Zubeda anaogopa kusema futa, yule? Kaja mwenyewe mbele ya lenzi, kacheka. Labda amechoka kujificha. Na tuseme ukweli, kulikuwa na kingine kidogo mle moyoni, nacho kilikuwa ni kujivuna. Alitaka picha ile ionekane. Miezi yote ile alikuwa anazikumbuka sura za mabinti wakimrudishia asante zilizopoa.

Akazituma zote kwa Munira.

Munira naye alikuwa bi harusi, ana simu mbili na marafiki mia, na alijua kama watu wote wa Mtoni wanavyojua kwamba picha ya Mwamvita ikishatoka nje imeruhusiwa. Akawagawia rafiki zake. Rafiki mmoja akaona ile ya shangazi, akaguswa, akaiweka kwenye status yake na maneno ya kumshukuru Mungu na vimoyo vyekundu. Mwingine akaichukua. Haikuzunguka kwa ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Ilizunguka kwa huruma. Mpaka Ijumaa imeingia ilikuwa imeshafika kwenye simu za wanaume wa kijiweni, kwenye kamati ya harusi, na Kilwa kwa mama mkwe wa Zubeda.

Stanley alimpigia. "Dada, ile picha ni noma! Nimetumiwa na watu watatu. Si nilikwambia? Ungeipata na lile tofali lako?"

Mwamvita alikata simu bila kuaga, maana alianza kuelewa picha ile imefika wapi.

Asubuhi alikwenda kwa Zubeda. Kikaango kilikuwa motoni, lakini wateja walikuwa wachache, na waliokuwepo walichukua vitumbua vyao kwa ncha za vidole, wakisema "Pole, mama, Mungu atakusaidia." Mwanamke mmoja alimwambia mtoto wake aliyeshika kisahani asile papo hapo, akampokonya. Ugonjwa ule hauambukizi, kila mtu anajua hauambukizi, na bado watu wakafanya hivyo mbele yake mchana kweupe. Zubeda alikuwa amejitanda mpaka kwenye nyusi.

"Mama mkwe kapiga simu jana," alisema bila kumtazama. "Analia. Ananiuliza Jabiri atabaki na nani. Mie hai, nimeshika simu sikioni, mtu ananiuliza mume wangu atabaki na nani."

"Zubeda, wallahi mie..."

"Jabiri hajaniuliza kitu. Kaniletea mtandio mpya tu, kauweka kitandani, katoka. Wenzake kazini wamekiona kichwa changu, Mwamvita. Kichwa ambacho hata yeye nilikuwa namfichia."

"Nilijua umekubali. Hukusema futa."

Zubeda akaacha kugeuza vitumbua. Akamwangalia sasa, na macho yale yale yaliyotoka vizuri kwenye picha yalikuwa makavu kabisa.

"Nilikuja mpaka mbele yako," alisema. "Nikakutazama. Nikasimama nikawa nasikiliza. Sikusikia kitu. Nikasema moyoni, shoga yangu ananijua, leo hanipigi, kaamua kunitazama tu. Nilifurahi, Mwamvita. Nilikupenda pale kuliko siku zote."

Wanawake wote wa chumba kile walikuwa wamesikiliza hivyo hivyo mchana kutwa, hawakusikia kitu, wakacheza kama watu ambao hawapigwi picha. Naye Mwamvita mchana kutwa alikuwa amengoja neno futa, hakulisikia, akapiga kama mtu aliyeruhusiwa.

"Unayo hapo?" Zubeda aliuliza.

"Ipi?"

"Picha. Kwenye hicho kidude chako."

Ilikuwepo. Mwamvita akaitoa kamera kwenye mkoba, akaitafuta, akamgeuzia. Zubeda akapangusa mikono yake kwenye khanga, akaitazama picha.

"Nimependeza," alisema. "Futa."

"Zubeda, imeshafika kwenye simu za watu wote. Hapa hata nikiifuta..."

"Si ndivyo ulivyokuwa unafanya? Mtu akisema futa, unamfutia mbele yake. Mie ndiyo nasema sasa. Futa."

Mwamvita akaifuta. Alibonyeza mara mbili pasipo kupasa. Zubeda aliangalia mpaka mwisho, akarudi kwenye kikaango. Vitumbua vya duru ile vilikuwa vimeungua upande mmoja, na alivitoa vyote akavimwagia kuku.

Habari za namna ile hazihitaji mpiga mbiu. Mama wa Keko Machungwa alimpigia Munira kutaka aone zake zote, na akaziona: tisa, kumi, mgongo wazi, khanga imeshuka, wala hakuwa na habari. Wengine nao wakaziomba zao. Hakuna aliyekuja kumtukana Mwamvita, na afadhali wangekuja, maana ulimi alikuwa nao. Walimsalimia tu kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni. Somo aliyekuwa mwanafunzi wa mama yake alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, pumzika kidogo." Shughuli tatu zikapita Mtoni, na Mwamvita alikuwa anasikia vigelegele akiwa kitandani kwake.

Akaenda Sinza. Stanley alicheka, akasema mbona ni kitu kidogo, akaingia kwenye mipangilio akawasha mlio. Mwamvita akarudi mbio mpaka kwa Zubeda, akasimama mlangoni, akabonyeza kuelekea ukutani. Kamera ikatoa kamlio kembamba, safi, kama ka simu.

"Sikiliza," alisema. "Inalia. Kuanzia leo inalia."

Zubeda alikuwa anaosha mchele. Akauliza bila kuinua kichwa, "Unaweza kuuzima?"

"Mie siuzimi."

"Sijauliza hivyo. Unaweza?"

Mwamvita akaishusha kamera.

"Na kile kishindo cha ndala ulikuwa unaweza kukizima?"

"Hakizimiki kile."

"Haya," alisema Zubeda, akamwaga maji ya mchele uani.

Hapo ndipo Mwamvita alipokumbuka kwenda Kariakoo. Alikwenda siku hiyo hiyo, tayari kuiuza ndogo kwa bei yoyote airudishe kubwa, hata kama kilango chake kimekufa. Romani alimwona kwa mbali, na kwa namna alivyoanza kupanga bisibisi zake mezani ilijulikana kwamba kubwa haipo.

"Nilipata kilango, nikaiwekea," alisema. "Ikasimama vizuri. Walikuja kina mama wawili na binti mmoja wa Mbagala, Sekela. Binti anajifunza. Wale kina mama ndio walionunua, wanamnunulia yeye."

"Walijua ni yangu?"

"Walikuja wanaiulizia. Mmoja alikuwa amejitanda mtandio mpaka huku." Romani akajigusa nyusi. "Hakuitazama hata picha moja. Aliniambia, bonyeza. Nikabonyeza. Bonyeza tena. Akaweka sikio, akasikiliza mara nyingi, halafu akasema ndiyo yenyewe."

Mwamvita alikaa kwenye kigoda cha wateja. Romani alimwagizia soda.

Siku hizi Mwamvita anafanya kazi nyingi kuliko zamani, msidhani analala njaa. Anapiga kumbi za Sinza na Kinondoni, anapiga mikutano ya maofisini, anapiga keki. Kule kamera isiyo na mlio inasifiwa, na yeye anasifiwa nayo. Akirudi Mtoni anaiosha kazi yake mwilini kama vumbi. Amekonda, na hana wa kumtania kuhusu kukonda kwake.

Mwezi uliopita alichukuliwa kwenye harusi ya Tandika, upande wa bwana harusi, kwa picha za nje tu. Singo ilikuwa inaendelea ndani, alasiri, mlango umefungwa, khanga zimeziba madirisha. Yeye akapewa kiti chini ya turubai pamoja na wanaume waliokuwa wanafunga spika, angoje bi harusi atakapotolewa amevaa. Mzee mmoja alimsogezea feni. Mwamvita akaitikia shikamoo za vijana, akafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi, kamera iko mapajani.

Ngoma ikapanda mle ndani. Vigelegele vikafuata, vya namna ile ambayo mtu aliyezaliwa ndani ya vyumba hivyo anajua kabisa kwamba shangazi mmoja ameinuka. Halafu katikati ya kelele zote zile akaisikia.

Ka-tap.

Ilikuwa yenyewe, ndala na kila kitu. Sekela alikuwa anachelewa kidogo kubonyeza, mikono bado ya mwanafunzi.

Ka-tap.

"Futa!" sauti ya Zubeda ikapanda juu ya ngoma, imejaa kicheko, sauti ya mtu mwenye afya. "Wewe mtoto, futa hiyo!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Na pale nje, chini ya turubai, kidole gumba cha Mwamvita kikaenda chenyewe mahali ambapo kitufe cha kufutia kilikuwa kwenye kamera yake ya zamani, kikapapasa, hakikukuta kitu.